Salamu Ndani ya Shabdamu: Uchanganyaji katika Ngoma za Kusini mwa India

Katika mpangilio wa kawaida wa onyesho la Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya nchi ya Watamil kusini mwa India, kipande cha tatu huitwa shabdamu. Hapo ndipo mchezaji, ambaye hadi wakati huo amecheza mapigo matupu yasiyo na maneno, huanza kusimulia kwa uso na mikono. Shabdamu nyingi za zamani zilitungwa kwa Kitelugu, nazo humsifu mungu au mfalme. Mwishoni mwake, hata hivyo, hujitokeza neno ambalo msikilizaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa: salamu. Ni heshima iliyotoka katika mabaraza ya watawala Waislamu. Neno la Kiarabu, ndani ya shairi la Kitelugu, likichezwa na mwanamke wa Kitamil mbele ya mfalme wa Kimarathi: hicho ndicho kipande ambacho leo hufundishwa kama sehemu ya jadi isiyoguswa.

Kila kizazi, mtunzi wa ngoma anapojaribu kuunganisha katika kazi moja ngoma mbili au tatu za kusini mwa India, mabishano yaleyale hufufuka. Kundi moja hulalamika kwamba usafi wa jadi umetiwa doa. Kundi jingine hushangilia ujasiri wa kuvunja mipaka. Makundi haya hupingana katika kila jambo isipokuwa moja: yote mawili huamini kwamba zamani kila ngoma ilikaa safi ndani ya ua wake, hadi alipokuja mtu wa kisasa kuubomoa ua huo. Historia haikubaliani nayo. Ua wenyewe ulijengwa juzi, na walioujenga walikuwa wachanganyaji. Swali lenye uzito, basi, ni nani aliyeruhusiwa kuchanganya, na nani aliyepoteza mahali pake mchanganyiko ulipokwisha kupewa jina jipya.

Thanjavur, mji wa bonde la mto Kaveri, ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwanzoni mwa karne ya 19 ulitawaliwa na Serfoji II (1798–1832), mfalme wa nasaba ya Wamarathi waliotoka magharibi mwa India na kuutwaa mji huo katika karne ya 17. Kabla yao walitawala Wanayaka, waliozungumza Kitelugu. Hivyo katika jumba moja la kifalme Kisanskriti kilikuwa lugha ya ibada, Kitelugu lugha ya nyimbo, Kimarathi lugha ya watawala na Kitamil lugha ya wenyeji. Serfoji, ambaye katika ujana wake alilelewa na kusomeshwa chini ya uangalizi wa mmisionari Mjerumani Christian Friedrich Schwartz, aliongeza hapo Kiingereza, maktaba kubwa na bendi ya vyombo vya Kizungu.

Katika baraza hilo walihudumu ndugu wanne, Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu, wana wa ukoo wa walimu wa ngoma. Hao ndio wanaotajwa kuwa waliupanga mfululizo unaoitwa margamu: alaripu ya kufungulia, jatiswaramu, shabdamu, varnamu ambayo ndiyo nguzo ya onyesho zima, padamu za mapenzi, na tilana ya kumalizia. Tilana ina undugu na tarana, mtindo wa uimbaji wa kaskazini mwa India. Fidla, chombo kilichofika na Wazungu, iliingia katika muziki wa kusini katika kipindi hichohicho, na Vadivelu alikuwa miongoni mwa walioipa nafasi. Yeye baadaye alihamia Travancore, katika Kerala ya leo, kwa Swati Tirunal, mfalme na mtunzi wa nyimbo aliyetawala kuanzia 1829 hadi 1846, ambaye husemwa kuwa alimtunuku fidla ya pembe za ndovu. Huko Mohiniyattam, ngoma ya wanawake wa Kerala, ilipata sehemu ya sura yake chini ya mkono wa mwalimu huyohuyo wa Thanjavur. Mtunzi wa leo anayeweka Bharatanatyam na Mohiniyattam katika jukwaa moja hawakutanishi wageni. Anawarudisha pamoja ndugu wa nyumba mbili.

Kukutanisha ndugu, hata hivyo, si kazi rahisi, kwa kuwa kila ngoma imeufinyanga mwili kwa namna yake. Bharatanatyam hujengwa kwa mistari: magoti hukunjwa na kufunguliwa pembeni, mgongo hubaki wima, na mikono huchora pembe hewani. Katika Mohiniyattam kiwiliwili huyumba kwa mviringo, taratibu, kama mnazi katika upepo mdogo. Kuchipudi ilichukua jina la kijiji cha Andhra ambako wanaume wa Kibrahmani walicheza tamthilia za dini, hata nafasi za wanawake. Ngoma hiyo ina wepesi wa kurukaruka, mchezaji anaweza kusema maneno mwenyewe, na katika kipande chake maarufu husimama juu ya ukingo wa sahani ya shaba na kucheza nayo. Kathakali, tamthilia ya Kerala, humtaka mchezaji asimame kwa kingo za nje za nyayo huku miguu ikiwa mbalimbali. Uso wake hupakwa rangi, kinywa chake hakisemi, na maneno yote huachiwa waimbaji walio nyuma yake. Mazoezi yake yanatokana kwa sehemu na kalaripayattu, sanaa ya kupigana ya Kerala.

Hata mikono haisemi lugha moja. Ngoma za upande wa Tamil na Andhra hufuata zaidi kitabu cha Kisanskriti kiitwacho Abhinaya Darpana, chenye ishara 28 za mkono mmoja. Kathakali hufuata Hastalakshana Dipika, chenye ishara 24 za msingi. Mkono ulionyoshwa huku kidole cha pete kikiwa kimekunjwa huitwa tripataka katika kitabu cha kwanza, ilhali katika kitabu cha pili mkono huohuo ndio pataka. Ni kama wazungumzaji wa lahaja mbili wanaotumia neno moja kwa maana mbili, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea. Mtunzi anayechanganya bila kulijua hili huweka jukwaani mazungumzo ambayo wachezaji wenyewe hawaelewani. Anayelijua hana budi kuamua: achague lahaja moja, au aziache zote mbili zisikike na kuifanya tofauti yao kuwa sehemu ya hadithi.

Waliotunza elimu hii ya mwili kwa muda mrefu zaidi katika nchi ya Watamil walikuwa devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kwa mungu wa hekalu, pamoja na wanaume wa koo zao waliokuwa walimu na wapiga ala. Devadasi hakuolewa na mwanamume. Aliweza kumiliki ardhi ya wakfu, kusoma na kutunga mashairi, na mara nyingi alikuwa na mlezi tajiri. Falme zilipodhoofika chini ya Waingereza, riziki ya koo hizo ilikauka. Kuanzia miaka ya 1890 wanamageuzi wa Kihindi na wamisionari walianzisha kampeni dhidi ya maonyesho yao, wakiyahesabu kuwa ukahaba uliovaa vazi la dini. Mpiganaji mashuhuri wa vita hivyo alikuwa daktari Muthulakshmi Reddy, aliyeingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Madras mwaka 1927. Mama yake mwenyewe alitoka katika jamii ya devadasi, na alichotaka ni kuwaokoa wasichana wadogo na maisha ambayo hawakuyachagua. Sheria ya kukataza kuwaweka wakfu ilipitishwa Madras mwaka 1947. Iliwalinda wasichana, iliwaacha pia wanawake wa koo hizo bila kazi, bila wakfu, na bila haki ya kuitwa wasanii.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakiikomboa ngoma huku wakiwaacha wachezaji wake. E. Krishna Iyer, mwanasheria wa Madras aliyewahi kujifunza ngoma hiyo na kuicheza katika mavazi ya kike, alibishana na Muthulakshmi Reddy magazetini mwaka 1932. Music Academy ya Madras, ambamo Krishna Iyer alikuwa na sauti, iliwapandisha jukwaani wachezaji wa koo za devadasi kuanzia 1931. Katika miaka hiyohiyo jina la zamani, sadir, liliwekwa kando, na jina Bharatanatyam likashika nafasi. Jina jipya liliinasibisha ngoma na Bharata, mwandishi wa kale wa Natyashastra, na hivyo na maandiko matakatifu. Mwanamke aliyeirithi kutoka kwa mama na nyanya yake hakuonekana tena katika nasaba hiyo.

Mwaka 1935 Rukmini Devi Arundale, Mbrahmani na mke wa kiongozi wa Jumuiya ya Theosofia, alicheza hadharani katika viwanja vya jumuiya hiyo huko Adyar, na mwaka uliofuata akaanzisha Kalakshetra. Njia yake ya kuifikia ngoma ilikuwa mchanganyiko wenyewe. Alikuwa rafiki wa Anna Pavlova, nyota wa baleti wa Urusi, akajifunza baleti kwa Cleo Nordi wa kundi la Pavlova, na ni Pavlova aliyemshauri atafute sanaa ya kwao. Akaenda kwa Mylapore Gowri Ammal, devadasi, na kwa Pandanallur Meenakshisundaram Pillai, mrithi wa mafunzo ya Thanjavur. Aliyoyapata kwao aliyaweka katika jukwaa la namna nyingine: taa za tamthilia, mavazi yaliyobuniwa upya, sanamu ya Nataraja pembeni, na wapiga ala, waliokuwa wakimfuata mchezaji nyuma kwa miguu, wakaketishwa upande mmoja. Mtazamaji wa leo huyaona hayo yote kuwa desturi ya kale. Umri wake haujatimia karne.

Rukmini Devi hakuishia kwenye ngoma ya mtu mmoja. Kuanzia Kutrala Kuravanji ya 1944 alitunga tamthilia za ngoma, na kilele chake kilikuwa mfululizo wa Ramayana katika sehemu sita, uliokamilika kati ya 1955 na 1970. Muziki ulianzwa na Mysore Vasudevachar, mtunzi mkongwe aliyekuwa amevuka umri wa miaka themanini, na ukamaliziwa na mjukuu wake S. Rajaram. Kwa uchezaji, Bharatanatyam peke yake haikutosha: ilikuwa imefinyangwa kwa mwanamke mmoja anayecheza nafasi zote, haikuwa na mwili wa shujaa wa vita wala wa jitu. Kwa hiyo walimu wa Kathakali, Ambu Panicker na Chandu Panicker, waliletwa Kalakshetra, na wavulana wa Kerala wakafunzwa ngoma zote mbili. Mmoja wao, V. P. Dhananjayan, aliyefika mwaka 1953, alikuja kuwa miongoni mwa wachezaji wa kiume waliosifika zaidi katika Bharatanatyam. Shule iliyoheshimiwa kuliko zote kwa usafi wa mtindo wake ilikuwa imeweka Kathakali ndani ya misuli ya wanafunzi wake.

Mchanganyiko huo haukuitwa mchanganyiko, na sababu yake ni ya kisiasa pia. Baada ya uhuru, mikoa ya kusini ilipangwa upya kwa misingi ya lugha, na kufikia 1956 Kerala na Andhra Pradesh zilikuwa na mipaka yake. Kila jimbo lilihitaji nembo. Kathakali na Mohiniyattam, zilizokwisha kupata makao katika Kerala Kalamandalam iliyoanzishwa na mshairi Vallathol mwaka 1930, zikawa za Wamalayali. Kuchipudi ikawa fahari ya Waandhra, ingawa mwalimu aliyeieneza zaidi, Vempati Chinna Satyam, alifungua chuo chake mwaka 1963 katika jiji la Madras, mji mkuu wa Watamil. Ua ulifuata mipaka ya ramani. Walimu, kama ilivyokuwa siku za Vadivelu, waliendelea kuvuka.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya mageuzi ya Kalakshetra lilitoka kwa T. Balasaraswati (1918–1984), mjukuu wa mpiga vina mashuhuri Dhanammal na binti wa ukoo wa devadasi, aliyecheza kwa mara ya kwanza hekaluni Kanchipuram akiwa na umri wa miaka saba. Rukmini Devi aliona kwamba mapenzi ya mwili katika padamu yanapaswa kusafishwa yageuke ibada. Balasaraswati alijibu kwamba hakuna cha kusafisha: shringara, hisia ya mapenzi, ndiyo ibada yenyewe. Katika hotuba yake ya mwaka 1975 aliifananisha margamu na safari ya kuingia hekaluni, kutoka lango kuu hadi chumba cha ndani kabisa, na kusisitiza kwamba mpangilio wa wazee hauhitaji nyongeza. Ni rahisi kumwona kama mhafidhina aliyepinga uchanganyaji. Lakini alichokuwa akikilinda kilikuwa chenyewe kimechanganywa Thanjavur, salamu na tilana zikiwamo. Alichokataa ni mageuzi yaliyoichukua sanaa ya nyumba yake na papo hapo kuionea haya nyumba hiyo.

Mwanafunzi wa urithi huo aliyeuliza maswali kwa upande wa pili alikuwa Chandralekha (1928–2006). Aliyemfunza alikuwa Ellappa Pillai, mwalimu wa jadi. Onyesho lake la kwanza, mwaka 1952, lilikuwa la kuchangia waathirika wa ukame wa Rayalaseema. Akiwa jukwaani akicheza wanawake wanaocheza na maji ya mto Yamuna, yalimjia mawazo ya ardhi iliyopasuka na watu wenye kiu, na kama alivyosimulia baadaye, mikono yake ilikataa kuendelea. Tangu hapo alitafuta ngoma isiyojificha nyuma ya hadithi za miungu. Mwaka 1985 alitoa Angika, iliyoziweka Bharatanatyam, kalaripayattu na yoga bega kwa bega. Hakuziyeyusha katika chungu kimoja. Alizivua vito na visa, akatafuta walipokutana mcheza ngoma, mpiganaji na mtu wa tafakuri: uti wa mgongo, pumzi, na mkao wa magoti yaliyofunguliwa. Katika kazi zilizofuata, hadi Sharira ya 2001, mwendo ulizidi kupungua kasi na mwili wa mwanamke ukawa yenyewe mada. Wapo waliomshutumu kuwa ameiua Bharatanatyam. Ukiitazama historia, alifanya kwa uwazi kile ambacho Kalakshetra ilifanya kwa jina la kurudi kwenye asili.

Nje ya India mchanganyiko ulichukua uzito mwingine. Ram Gopal, mzaliwa wa Bangalore aliyejifunza Kathakali kwa Kunju Kurup na Bharatanatyam kwa Meenakshisundaram Pillai, aliishangaza London mwaka 1939, na mwaka 1960 alicheza na Alicia Markova, nyota wa baleti ya Kiingereza, katika Radha-Krishna. Mwaka 1988 Shobana Jeyasingh, mzaliwa wa Chennai, alianzisha kundi lake London kwa Configurations, Bharatanatyam iliyochezwa juu ya muziki wa nyuzi wa Michael Nyman. Hapo hapakuwa na mungu wala mfalme wa kusifiwa, na mistari ya zamani ya mikono ilikatwa na kuunganishwa upya kama barabara za jiji.

Wasomaji wa Kiswahili walio Uingereza wana sehemu yao katika hadithi hii, japo kwa mlango wa pembeni. Waasia wengi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, pamoja na waliotoka Kenya na Tanganyika, walitua London na Leicester. Wengi wao walikuwa Wagujarati na Wapunjabi, ambao ngoma za kwao zilikuwa garba na bhangra. Bharatanatyam ya kusini ilikuwa mbali nao karibu kama ilivyokuwa kwa jirani zao wa Kiingereza. Wengi wa kizazi hicho, sawa na watazamaji wa Kiafrika na Kiarabu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, walikuwa wameiona kwanza kwenye senema za Kihindi, katika mwili wa Vyjayanthimala, Mtamil aliyefunzwa Bharatanatyam tangu utotoni na kuwa nyota wa filamu za Bombay. Senema nayo ilichanganya bila kuomba ruhusa. Ughaibuni, binti anayefunzwa alaripu katika ukumbi wa jumuiya hupewa mara nyingi kitu ambacho si jadi ya bibi yake, bali ni jadi ya nchi nzima iliyobuniwa Madras katika miaka ya 1930.

Hilo halimpunguzii haki ya kuicheza. Linambadilishia wajibu. Kwa kuwa hakuna ngoma safi ya kuchafuliwa, mtunzi wa leo hawezi kuhukumiwa kwa kuchanganya. Anaweza kuhukumiwa kwa kutojua anachochanganya. Je, anajua kwamba pataka ya Kerala si pataka ya Tamil? Je, anajua kwamba uyumbaji wa Mohiniyattam una pumzi yake, na kwamba hauwezi kubandikwa juu ya mapigo ya Bharatanatyam kama pambo? Na jina la mwalimu wake linatajwa wapi? Koo zilizotoa akina Gowri Ammal, Balasaraswati na Meenakshisundaram Pillai bado zipo, na katika miaka ya karibuni baadhi ya wazao wao wamerudi jukwaani na katika midahalo kudai kwamba historia ya ngoma hii isisomwe kuanzia 1935.

Madai hayo hayaombi uchanganyaji ukome. Yanaomba uonekane ulivyo, pamoja na mishono yake. Thanjavur haikuona haya kuacha neno la Kiarabu lisikike ndani ya shairi la Kitelugu; kila aliyekuwa barazani alijua limetoka wapi na ni nani anayesalimiwa. Kazi mpya inayounganisha ngoma za kusini ingepimwa vyema kwa kipimo hicho: mtazamaji, hata akiwa mgeni, aweze kutambua ni mikono ya nani iliyoleta kila kipande, na wenye mikono hiyo wawe miongoni mwa wanaopokea salamu.